Kabla ya Kuandika Mwilini

Soma kwa Somo la Juma Hili: Walawi 19:26–31, Kumbukumbu la Torati 14:1, 2, 1 Wafalme 18:28, 1 Wakorintho 6:19, 20, 1 Wakorintho 10:23–33, Isaya 49:14–16, Ufunuo 7:1–3.

Fungu la Kukariri: 1 Wakorintho 6:19, 20. Lisome katika Biblia yako kila siku juma hili.

SABATO MCHANA

Fikiria kijana aliyevuka kutoka bara akafanya kazi ya ufundi umeme Chake Chake, Pemba. Mama yake amefariki, naye hakuwahi mazishi. Sasa anataka kuchora jina la mama mkononi, na rafiki aliyeko Unguja mjini amemwahidi kumpeleka kwa mchora tatuu. Baada ya ibada anamfuata mzee wa kanisa. “Mzee, shikamoo. Nikiandika jina la mama yangu, kuna ubaya gani?”

Kijana huyu si mwasi. Ana majonzi. Akijibiwa “ni dhambi” na kuachwa hapo, ataondoka na majonzi yake. Akijibiwa “ni hiari yako,” ataondoka bila msaada. Juma hili tutatafuta jibu linalomheshimu Mungu na linalomheshimu kijana huyu pia.

JUMAPILI: Alama Tulizozikuta

Kuweka alama mwilini hakukuletwa na wasanii wa siku hizi. Wamakonde wa Mtwara na kaskazini mwa Msumbiji walichanja nyuso zao chale zilizomtambulisha mtu na watu wake. Bibi harusi wa Pemba hupambwa kwa hina na piko. Na wako watoto wengi, visiwani na bara, waliochanjwa kwa wembe na kupakwa dawa ili wasidhuriwe na uchawi.

Mambo hayo hayalingani. Hina hufifia baada ya muda, wala haibebi imani yoyote yenyewe. Chale ya kabila hujibu swali “Wewe ni wa nani?” Chale ya kinga hujibu swali “Nani anakulinda?” Tatuu ya leo inaweza kuwa pambo tu, lakini mara nyingi nayo hujibu mojawapo ya maswali hayo. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kama mchoro ni mzuri, muulize mwenye kuutaka: unatarajia ukufanyie nini?

*Ni alama gani za mwili zinazojulikana katika jamii yako? Kila moja ilikusudiwa kusema nini?*

JUMATATU: Kwa Ajili ya Wafu

Soma Walawi 19:26–31. Katika aya ya 28 Bwana anawakataza Israeli mambo mawili: kujikata miili kwa ajili ya wafu, na kujiandika alama. Aya ya 26 inakataza uaguzi, na ya 31 inakataza kuwaendea wenye pepo. Kumbukumbu la Torati 14:1, 2 inarudia katazo la kujikata kwa ajili ya wafu na kutoa sababu: hawa ni watoto wa Bwana. Manabii wa Baali walijikata ili mungu wao asikie (1 Wafalme 18:28). Mungu wetu husikia bila damu yetu kumwagika.

Wengine husema katazo hili limepita, kwa kuwa aya ya 27 inazungumzia kunyoa ndevu. Lakini sura hiyohiyo, aya ya 18, ndiyo inayotuamuru kumpenda jirani. Hatuwezi kuitupa sura nzima. Tunachopaswa kufanya ni kutafuta kiini chake, nacho kimo katika maneno yanayofunga aya ya 28, ambapo Bwana anajitaja kuwa Yeye ndiye Bwana. Mwili una Mwenyewe.

Pemba inajua msiba. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, na mamia ya watu walikufa. Familia nyingi hazikupata hata mwili wa kuzika. Hakuna anayewalaumu wanaotaka jina la mpendwa lisipotee. Lakini tumaini la Mkristo linasimama juu ya ahadi ya 1 Wathesalonike 4:13–18. Yeye atakayewaita waliolala hahitaji kusoma majina yao mikononi mwetu.

*Tunawezaje kumkumbuka marehemu bila kuomboleza kama wasio na tumaini?*

JUMANNE: Hekalu Lenye Gharama

Soma 1 Wakorintho 6:19, 20. Paulo hasemi kwamba mwili ni kitu duni. Anasema ulinunuliwa kwa thamani, na kwa hiyo kuutunza ni ibada.

Tatuu huingizwa kwa sindano inayotoboa ngozi mara nyingi sana. Sindano au wino uliokwisha kutumiwa kwa mtu mwingine unaweza kuambukiza homa ya ini aina ya B na C, na hata virusi vya UKIMWI. Wembe wa mganga unaopita kwa watoto watano una hatari hiyohiyo. Ngozi ya baadhi yetu huota makovu makubwa yanayovimba. Hata piko, ambayo ni rangi ya nywele, imewaunguza wengine ngozi kwa sababu ya kemikali zake.

Kuna gharama nyingine pia. Kufuta tatuu kwa miale huhitaji kurudi mara nyingi na fedha nyingi, na si kila mchoro hutoka wote. Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi na Uhamiaji nchini mwetu yamekuwa yakitaka mwombaji asiwe na michoro mwilini. Kijana wa miaka kumi na tisa anaweza kufunga mlango ambao hajaufikia bado. Maji yakimwagika hayazoleki.

*Ni maamuzi gani mengine ya mwili tunayoyafanya kwa haraka na kuyajutia polepole?*

JUMATANO: Jirani Anaona Nini?

Soma 1 Wakorintho 10:23–33. Paulo anatupatia vipimo vitatu: Je, jambo hili linafaa? Je, linajenga? Je, linamtukuza Mungu?

Wakazi wa Pemba karibu wote ni Waislamu, na wengi wao huiona tatuu kuwa haramu. Mkristo mmoja mwenye mchoro mkononi huweza kuwa “Ukristo” wote machoni pa jirani yake. Paulo alikuwa tayari kuacha haki zake ili awapate watu (1 Wakorintho 9:19–23). Kuacha tatuu ni kitu kidogo kuliko alivyoviacha yeye.

Hata hivyo, tusigeuze kipimo hiki kuwa rungu. Wakristo wengi wa Misri huchora msalaba mdogo kwenye kifundo cha mkono, na Ethiopia wako akina mama wenye msalaba kwenye paji la uso. Kwao hiyo ni alama ya kumkiri Kristo. Tunaweza kutokubaliana na njia yao bila kuidharau imani yao.

*Ni haki gani uliyo tayari kuiacha kwa ajili ya jirani mmoja?*

ALHAMISI: Aliyekwisha Kuchorwa

Soma 1 Samweli 16:7 na 2 Wakorintho 5:17. Katika kundi lako huenda yuko dada anayevaa mikono mirefu kila Sabato, hata kwenye joto la kaskazi, ili mchoro wa zamani usionekane. Huenda yuko kaka mwenye chale kifuani alizochanjwa na bibi yake akiwa mtoto. Wala mchoro wala kovu haliwezi kumzuia mtu kubatizwa. Mtoto aliyechanjwa hana hatia ya wembe huo.

Kinachoachwa ni tegemeo. Waamini wa Efeso walivichoma vitabu vya uganga (Matendo 19:18, 19). Ngozi haichomwi, lakini imani katika kinga ile inaweza kukanwa. Paulo mwenyewe alikuwa na makovu mwilini, nayo yalimshuhudia Kristo (Wagalatia 6:17).

*Je, mwenye tatuu akiingia kanisani kwenu Sabato ijayo, ataketi karibu na nani?*

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Soma Ezekieli 9:4, Ufunuo 7:1–3 na 14:1. Muhuri wa Mungu hauwekwi kwa wino. Ni Roho anayeithibitisha tabia ya wale walio mali yake. Kisha rudia Isaya 49:14–16: kabla hatujafikiri kuandika jina lolote mkononi, Mungu amekwisha kutuchora katika viganja vyake.

Turudi kwa kijana wetu. Mzee anamwambia, “Mwanangu, kaa hapa. Nieleze kwanza habari za mama yako.” Wanakaa mpaka alasiri. Mwishoni anamwomba mambo mawili: asubiri mwaka mmoja, na aende nyumbani akasimame kaburini, kwa maana huko ndiko moyo wake ulikobaki. Washiriki wanachanga nauli ya boti na basi. Kabla hajaondoka, kijana anaandika jina la mama kwenye Biblia yake, pembeni ya 1 Wathesalonike 4:16.

Maswali ya Kujadili:

1. Mzee alianza kwa kusikiliza. Ingekuwaje kama angeanza kwa Walawi 19:28?

2. Mshiriki anasema, “Moyo wangu ni safi, mwili si hoja.” Mwingine anasema, “Mwenye tatuu hajaongoka.” Kila mmoja amekosea wapi?

3. Katika kundi lenu, ni nani aliyefiwa mwaka huu ambaye hakuwahi mazishi? Pangeni pamoja mtakachomfanyia.