Bwana Aliyeosha Miguu
Somo juu ya unyenyekevu



Mkubwa ni nani? Wengi husema: Ni yule anayekaa kitini, na wengine humletea maji. Sikilizeni jinsi Yezu Kristu alivyojibu.

Usiku ule kabla ya mateso yake, mitume walibishana nani kati yao aliye mkubwa. Katika nchi ya Wayahudi miguu ya wasafiri ilijaa vumbi la njia, na kuiosha ilikuwa kazi ya mtumwa. Basi Yezu akaondoka mezani, akajifunga kitambaa kiunoni, akatia maji katika beseni, akawaosha miguu.

Fahamuni mambo matatu.

1. Yezu hakuacha kuwa Bwana. Alipokwisha kuwaosha, aliketi tena, akawaambia kwamba kweli yeye ni Mwalimu na Bwana wao. Kwa hiyo unyenyekevu si kujifanya mjinga, wala kukimbia mzigo wa uongozi. Mnyenyekevu ajua kwamba vyote alivyo navyo vyatoka kwa Mungu, naye amepewa kwa ajili ya wenzake.

2. Petro alikataa kuoshwa, ndipo Yezu akamwonya. Hata kukubali kusaidiwa kwataka unyenyekevu.

3. Yuda alikuwapo. Yezu alijua shauri lake baya, lakini hakumruka. Kumtumikia anayetupenda ni rahisi. Kwa Yuda ndipo moyo hupimwa.

Kanisa halikusahau. Mtakatifu Gregori, Papa tangu mwaka 590 hata 604, alijiita mtumishi wa watumishi wa Mungu, na mapapa wameshika jina hilo. Kila Alhamisi Kuu padri huinama kuosha miguu ya waamini. Tangu mwaka 2016 wanawake pia waweza kuchaguliwa.

Nawe, ukiisha kubatizwa, labda utafanywa katekista au mzee wa jumuiya. Siku ile usiulize: Nani atanichotea maji? Uliza: Mjane yule wa mwisho wa kijiji, nani amemchotea? Na kama ndiye aliyekusengenya, anza kwake.

Maulizo

Ulizo: Je, mnyenyekevu aweza kuwa mkubwa?
Jibu: Ndiyo, akiutumia ukubwa wake kwa kuwatumikia wenzake.

Ulizo: Kwa nini Yezu aliosha hata miguu ya Yuda?
Jibu: Kwa sababu alimpenda hata mwisho.

Kazi ya juma hili: Mtendee jambo moja jema mtu asiyekupenda, wala usilitangaze.