Somo la Sheria: Maandalizi ya Mgawanyo wa Mali za Ndoa

Ndoa inapofikia ukomo, swali la mali huzuka bila kuchelewa: nani abaki katika nyumba, nani apewe shamba, nani alipe deni. Wengi hufika mahakamani wakiwa na uchungu mwingi na ushahidi haba. Somo hili linaeleza yapasayo kutayarishwa mapema.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali ambazo wanandoa walizichuma kwa juhudi za pamoja, pale inapotoa amri ya talaka au ya kutengana. Mahakama huzingatia mila za jamii husika, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa manufaa ya wote, na mahitaji ya watoto wadogo. Baada ya hayo, huelekea kwenye usawa. Lakini si kila shauri huishia nusu kwa nusu.

Kazi za nyumbani nazo ni mchango. Ndivyo ilivyoamua Mahakama ya Rufani mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Hata hivyo, Bi Hawa hakupata mgawo, kwa kuwa ilionekana alitapanya fedha alizopewa na mumewe za kuanzishia biashara. Hivyo mchango hutambuliwa, na matumizi ya mali nayo hupimwa.

Mfano

Mume alinunua kiwanja kabla ya kuoa. Baada ya ndoa, mke aliuza maandazi, akanunua saruji na mabati, nyumba ikakamilika. Ingawa kiwanja kina jina la mume, sheria inahesabu pia mali ya awali iliyoendelezwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa na mwenzi au kwa juhudi za wote wawili. Lakini mke atapaswa kuthibitisha, kwani mali yenye jina la mmoja huchukuliwa kuwa yake hadi ithibitishwe vinginevyo.

Mambo matano ya kutayarisha

1. Orodhesha mali zote: ardhi, nyumba, mifugo, vyombo vya usafiri, biashara na akiba. Andika kila moja ilipatikana lini, kwa njia gani na iko wapi.

2. Kusanya vielelezo: hatimiliki, mikataba ya mauziano, risiti, kadi za vyombo vya moto na daftari la kikundi cha kuweka na kukopa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Pasipo na karatasi, tafuta mashahidi kama fundi aliyejenga au jirani aliyeshuhudia mauziano.

3. Orodhesha madeni na kueleza kila mkopo ulitumika kwa kazi gani.

4. Linda nyumba ya familia. Kifungu cha 59 kinamkataza mwanandoa kuiuza, kuigawa, kuipangisha au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, na kinamruhusu mwenzi huyo kuandikisha zuio. Usisubiri mnunuzi aanze kuvunja ukuta.

5. Anzia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na sheria, maombi ya talaka hayapokelewi bila hati ya Baraza inayoonesha kwamba usuluhishi umeshindikana. Hati hiyo isizidi miezi sita tangu itolewe hadi siku ya kufungua shauri.

Msaada

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba huduma bila malipo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Afisa Maendeleo ya Jamii au Afisa Ustawi wa Jamii atamwelekeza kwa wasaidizi wa kisheria. Aendapo, achukue orodha yake na nakala za vielelezo. Nyaraka halisi azihifadhi mahali salama.