Mwendo, Moshi na Manung'uniko ya Raia

Serikali inapomwambia mwenye gari kwamba mwisho wa mwendo wake ni huu na moshi wake usizidi kiasi hiki, aghalabu jawabu la kwanza ni ghadhabu. Wala si ajabu, kwani gari kwa wengi wetu ndiyo riziki, na mwenye riziki huingiwa na hofu kila aonapo amri mpya. Kijitabu hiki kimekusudiwa kuyapima manung'uniko hayo kwa insafu, na kisa tulichokichagua ni cha matatu za Kenya, ambacho watu wazima wengi wangali wakikikumbuka.

Mwaka 2003 Waziri wa Uchukuzi, Bwana John Michuki, alitangaza kanuni ambazo watu walizipa jina lake: kila matatu itiwe kidhibiti mwendo kisichoiruhusu kupita kilomita 80 kwa saa, kila kiti kiwe na mkanda, abiria wasisimame, dereva na utingo wavae sare, na gari lipigwe mstari wa manjano ubavuni. Zilipoanza kushika nguvu tarehe 1 Februari 2004, magari mengi hayakuwa tayari, na maelfu ya watu wa Nairobi wakaenda kazini kwa miguu, ilhali waliobahatika kupata gari walitozwa nauli iliyopanda. Wenye magari nao walilia kwamba gari lililozoea kubeba watu 18 sasa libebe 14, na juu ya hasara hiyo wanunue vidhibiti na mikanda kwa fedha zao wenyewe. Malalamiko hayo yalikuwa na haki ndani yake, na mtawala mwenye hekima huyasikiliza. Walakini abiria walipokwisha kuonja raha ya kukaa bila kusongwa, na kufika salama bila roho kuwa juu, wengi waligeuka wakawa mashahidi wa kanuni zile.

Kilichozidhoofisha baadaye ni mazoea madogo madogo ambayo sote tuliyaona tukanyamaza. Mkanda ulilegea ukapata uchafu, abiria akaona kinyaa kuufunga, akawa anaushika kifuani kwa mkono pale tu trafiki anapoonekana mbele, kisha anauachia. Na kidhibiti kikachezewa na fundi, kikabaki garini kama pambo. Hata ilipofika Novemba 2018 serikali ikalazimika kuzitekeleza upya kanuni zile zile, na watu wakatembea kwa miguu tena.

Na ijulikane kwamba kikomo cha mwendo hakikuwekwa kwa ajili ya kumkomoa mtu. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hukata takriban mita 22 kila sekunde, na liendalo 120 hukata mita 33, yaani dereva akishtuka sekunde moja tu, amekwisha kupita mita 11 zaidi kabla mguu haujagusa breki. Nguvu ya pigo nayo haipandi sawasawa na mwendo: mwendo ukizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Anayelipokea pigo hilo aghalabu ni mwenda kwa miguu, mtoto wa shule au mama mwenye mzigo wake, ambaye hana chama cha kugoma kwa niaba yake.

Habari ya moshi ni hiyo hiyo. Mataifa ya Afrika yalipokubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa risasi katika petroli, wako madereva waliohofu kwamba injini zao zingekufa. Ulipofika mwanzo wa 2006 risasi ilikuwa imetoweka kusini mwa Sahara, na injini zikaendelea kunguruma. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walithibitisha kwamba moshi wa dizeli huleta saratani, nao humwingia utingo anayening'inia mlangoni na muuza mahindi kando ya barabara kabla ya kumfikia mwingine yeyote. Moshi mweusi ni dizeli isiyoungua barabara, na mara nyingi sababu yake ni chujio la hewa lililoziba kwa vumbi au nozeli zilizochakaa, kazi ambayo fundi hodari anaijua. Tunakiri kwamba vipuri ni ghali, na mwenye lori kuukuu anastahili kupewa muhula wa kutengeneza kabla ya kutozwa faini.

Basi, abiria mwenzetu, funga mkanda hata kama trafiki hayupo, na dereva akizidisha mwendo mwambie kwa sauti, ukiwaomba na wenzako wakuunge mkono. Nawe mwenye gari, mwagize fundi akifungue kidhibiti ukione kwamba kinafanya kazi, ukabadilishe chujio mapema. Na mkiwa na malalamiko juu ya kanuni yenyewe, yapelekeni kwa wahusika, huku mkiendelea kuitii.