Maigizo Humfungua Mwanafunzi Kinywa

Mtoto anayemaliza darasa la saba katika shule ya serikali, iwe Tandale au Mbagala, amesoma karibu masomo yote kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, hisabati, jiografia na baiolojia hufundishwa kwa Kiingereza. Wengi wana maneno kichwani, lakini wananyamaza kwa kuogopa kuchekwa. Asiyethubutu kusema hawezi kuuliza asichoelewa, hivyo hubaki nyuma katika kila somo.

Maigizo hupunguza woga huo. Mwanafunzi huzungumza kama konda au muuguzi. Akikosea, aliyekosea ni konda. Njia hii si ngeni kwetu. Mradi wa Tuseme, ulioanzishwa mwaka 1996 chini ya Profesa Penina Mlama wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliwasaidia wasichana wa sekondari kueleza matatizo yao kwa sanaa za maonyesho. Sisi tunaweza kuitumia kufundishia lugha. Tujaribu michezo hii miwili.

1. Daladala
Pangeni viti kama ndani ya basi la Mbagala–Kariakoo. Konda anamkatalia mwanafunzi kupanda kwa sababu nauli yake ni ndogo. Mwanafunzi ajitetee kwa Kiingereza mpaka apande, na abiria wamuunge mkono au wampinge. Kabla ya kuanza, mwalimu aandike ubaoni sentensi tano watakazohitaji.

2. Sanamu
Wanafunzi wanne wasimame kimya wakionyesha tukio, kwa mfano foleni ya maji bombani. Wenzao waseme wanachokiona. Kisha mwalimu amguse mmoja begani, naye aseme sentensi moja tu. Mchezo huu unawafaa wenye haya.

Darasa likiwa kubwa, tuwagawe katika makundi ya watu sita, yote yaigize kwa wakati mmoja, ikiwezekana nje chini ya mti. La muhimu ni kutomkatiza anayeigiza. Mwalimu aandike makosa pembeni, na mchezo ukiisha asahihishe matatu ubaoni bila kumtaja mtu.

Dakika 20 kila wiki zinatosha kuanzia. Tumwangalie hasa yule wa dawati la nyuma. Siku atakayonyoosha mkono katika somo la baiolojia na kuuliza swali kwa Kiingereza, hata kama sarufi imepinda, tutajua kwamba mchezo umefanya kazi yake.