Madungusi Kakati Nyumbani: Mwongozo kwa Wenye Shauku ya Kuyalea

Dungusi kakati limekwisha kuwa mgeni wa kawaida katika baraza na madirisha ya nyumba za mijini, na aghalabu mnunuzi huambiwa kwamba mmea huu hauna haja ya kutunzwa; na sifa hiyo, ijapokuwa hutolewa kwa nia njema, ndiyo inayoyaua mengi, kwa kuwa mtu aliyeambiwa kwamba mmea hauhitaji kitu haoni sababu ya kuuliza unahitaji nini. Kijitabu hiki kimekusudiwa kwa yule aliyenunua dungusi moja, likampendeza, akatamani kuwa na kumi. Na neno tunalotaka ashike kwanza ni kwamba kabla ya kushika kopo la maji, ajue dungusi lake asili yake ni nchi gani.

Asili na maumbile

Ukoo mzima wa madungusi kakati ni wa bara la Amerika, toka Kanada hata Patagonia kusini mwa Argentina, illa aina moja tu, Rhipsalis baccifera, ambayo huota pia Afrika, Madagaska na Sri Lanka. Nayo hata kwetu imo, ikining'inia matawini mwa miti mirefu katika misitu yenye unyevu kama ile ya Usambara, na vitunda vyake vidogo vyeupe huliwa na ndege, wakazichukua mbegu zake zenye kunata hadi mti mwingine. Ama ile miti minene yenye matawi yaliyosimama wima nyikani kwetu, ambayo wengi huidhani kuwa madungusi, hiyo si ya ukoo huu bali ni jamaa ya mnyaa, na mlezi anapaswa kuijua tofauti hii kwa ajili ya salama yake mwenyewe, maana utomvu mweupe wa mnyaa ukiingia jichoni huleta maumivu makali na huweza kumpofusha mtu kwa muda. Alama ya hakika ni vile vidoa vidogo vyenye manyoya vilivyopangika juu ya ngozi ya dungusi, ambamo hutoka miiba, maua na machipukizi. Mmea usiokuwa na vidoa hivyo, hata ukiwa na miiba ya namna gani, si dungusi.

Jambo la pili la maumbile yake ni kupumua kwake. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana, ilhali dungusi hufunga vyake jua linapowaka, likavifungua usiku, likavuta hewa ukaa na kuihifadhi mwilini katika hali ya asidi mpaka asubuhi, ili mwanga utakapokuja lipike chakula chake pasipo kupoteza maji. Kazi hiyo huenda vizuri zaidi usiku unapokuwa wa baridi kidogo, na hapa ndipo ilipo sababu ya kwamba mtu wa Mombasa au Unguja, mwenye jua maridhawa, huona baadhi ya madungusi yake yakidumaa bila ya kutoa ua, na ndugu yake aliyeko Arusha au Nairobi akapata maua kila mwaka kwa mmea ule ule.

Kuchagua lililo lako

Si kweli, basi, kwamba madungusi yote ni ya jangwa. Yako ya milima ya Andes, kama Rebutia, yaliyozoea usiku wa baridi kali, na hayo ni ya watu wa nyanda za juu, wala hatumshauri mkazi wa pwani ayanunue. Yako ya nyanda kavu za Meksiko, kama aina nyingi za Mammillaria, ambazo kwa ustahimilivu wake ni mwanzo mwema kwa kila mtu. Yako ya misitu ya Brazili yaotayo juu ya miti, yasiyopenda jua kali wala ukavu wa muda mrefu. Na yako yale ya Melocactus, ambayo mengi yao ni ya visiwa vya Karibi na ya Brazili, na baadhi yao huota karibu kabisa na bahari, yakipenda joto la usiku na kuchukia baridi. Dungusi la namna hii likishabalehe huvaa kilemba cha manyoya na miiba kileleni, kisha huacha kunenepa, na maua yake madogo hutoka kilembani humo miaka yote ya uhai wake. Kwa nyumba ya pwani hatujui zawadi iliyo bora kuliko hiyo.

Ununuapo, tazama kwa makini. Vile vidungusi vyenye kichwa chekundu au cha manjano ni vya kubebeshwa juu ya shina la aina nyingine, kwa kuwa kichwa hicho hakina chanikiwiti cha kujipikia chakula, na shina likifa nacho hufa. Hununuliwa kwa uzuri wa miaka michache, si kwa urithi. Ukiona ua kavu lisilonyauka juu ya dungusi changa, liguse taratibu, huenda limebandikwa kwa gundi.

Chungu na udongo

Chungu cha udongo wa kufinyanga kisichopakwa rangi hupumua pande zote na kukauka upesi, nacho ndicho kifaacho pwani. Bara, mahali pa upepo mkavu, hata cha plastiki hufaa, madhali kina tundu chini. Kisizidi upana wa dungusi ila kwa vidole viwili, kwani udongo usiofikiwa na mizizi hukaa na maji bila ya kazi. Desturi ya kujaza kokoto chini ya chungu haina faida, kwa sababu maji hushikwa katika udongo ulio juu ya kokoto, na mizizi ikapunguziwa nafasi. Kokoto zichanganywe ndani ya udongo wenyewe.

Mchanganyiko uwe sehemu moja ya udongo wa bustani au mboji iliyooza sawasawa, na sehemu mbili za vitu vya chembechembe: mchanga mkubwa wa mtoni uliooshwa, matofali ya kuchoma yaliyopondwa na kuchekechwa, au yale mawe mepesi ya volkano yapatikanayo Bonde la Ufa. Mchanga wa ufukweni usitumiwe, kwa ajili ya chumvi yake.

Ukihamisha dungusi, likamate kwa gazeti lililokunjwa mara kadhaa, ondoa udongo wa zamani, liache siku chache kivulini, kisha lipande katika udongo mkavu na usilinyweshe mpaka juma moja lipite, ili mizizi iliyojeruhiwa ifunge vidonda vyake. Kadhalika kipande kilichokatwa kwa kuzalishia hakipandwi siku ile ile, bali huachwa mahali pakavu juma moja au mawili, hata jeraha lifanye ngozi ngumu.

Maji

Madungusi mengi zaidi hufa kwa huruma kuliko kwa kusahauliwa. Kanuni ni hii: ukinywesha, nywesha maji mengi mpaka yatoke tunduni, uyamwage yaliyobaki kisahanini, kisha usirudie mpaka udongo wote umekauka, si juu tu bali na chini. Chomeka kijiti kikavu cha mshikaki mpaka chini ya chungu. Kikitoka na udongo ulioshikamana nacho, ngoja. Vijiko vya maji kila siku ndio ulezi mbaya kuliko wote, kwa kuwa huilowesha ngozi ya juu daima na kuiacha mizizi ya chini na kiu.

Wakati wa kaskazi, jua linapokuwa kali, yamkini utanywesha kila baada ya siku saba hata kumi. Masika yakiingia, yahamishe yale ya nchi kavu chini ya paa, maana si mvua moja itakayoyadhuru bali ni majuma ya unyevu usiokatika. Kipupwe, baina ya Juni na Agosti, mara moja kwa mwezi hutosha kwa yale ya Meksiko na Andes. Na mapumziko hayo ya ukavu na ubaridi ndiyo yanayoyafanya yachanue baadaye, hivyo asiyeyapumzisha asiyalaumu. Melocactus na yale ya misituni yasiachwe makavu kwa muda mrefu namna hiyo. Maji ya mvua ndiyo bora. Visima vingi vya pwani vina chumvi ambayo huganda udongoni.

Jua na maradhi

Dungusi lililokulia kivulini mwa muuzaji likiwekwa ghafula juani huungua, na lile baka jeupe au la kahawia halitoki maishani. Lizoeshe kwa majuma mawili au matatu, ukianza na jua la asubuhi. Likirefuka na kuwa jembamba kileleni, linataka mwanga.

Hatari kubwa ni vidung'ata, vidudu vyenye unga mweupe kama pamba, vijifichavyo baina ya miiba na hata mizizini. Viguse kwa pamba iliyochovywa katika spiriti, kila juma mpaka vitoweke, na dungusi hilo liwekwe mbali na wenzake. Likioza chini, kata kwa kisu kisafi hata nyama yote iwe safi pasipo alama ya kahawia, ukifuta kisu kwa spiriti kila ukatapo, kisha likaushe kama kipande cha kuzalishia.

Tahadhari kwa nchi

Mpungate, dungusi lenye vipande bapa, lilipandwa zamani kuwa ua na pambo, na leo katika Laikipia limetwaa malisho makubwa, ndovu na nyani wakieneza mbegu zake, na mbuzi walao matunda yake wakiumia vinywa na matumbo kwa vijiba vyake visivyoonekana. Australia, katika karne iliyopita, zaidi ya hektari milioni 20 zilifunikwa nalo kabla ya nondo wa kutoka Argentina kulishinda. Usilipande nje ya chungu, wala usimpe mtu kwa ajili ya ua. Na madungusi karibu yote yamo katika mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya mimea na wanyama wa porini, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama wake. Anayeyanunua ng'ambo na ahakikishe ana hati, tena yawe yamezalishwa bustanini, si kung'olewa porini.

Vipande vya mpungate vilivyopogolewa visitupwe jaani, kwani kimoja hutosha kuotesha kichaka. Vikaushe juani juu ya saruji hata vikunjamane, kisha vichomwe moto, au vifukiwe katika shimo refu mbali na njia ya maji.