Bolti Iliyoshikwa na Kutu

Katika mji wa Tanga, karibu na bahari, palikuwa na mtu mmoja mwenye motokaa ya zamani. Kazi nyingi za kuitengeneza alizifanya kwa mikono yake mwenyewe, uani kwake. Siku moja watoto wake waliporudi naye kutoka Muheza, walilalamika kwamba vichwa vinawauma na moyo unawachafuka. Baba yao akaingia chini ya gari kutazama, akaona ya kuwa bomba la moshi limetoboka karibu na injini. Akashtuka, maana aliijua hatari yake. Katika moshi wa injini mna hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hiyo yenyewe haina rangi wala harufu, nayo imewaua watu waliokuwa wameketi ndani ya gari pasipo kujua lolote. Basi akakata shauri kwamba gari lisitoke tena hata litiwe bomba jipya.

Siku ya Jumamosi asubuhi akazuia magurudumu kwa mawe, akaliinua gari kwa jeki, kisha akaliegemeza juu ya magogo manene. Hapo alifanya vema, maana jeki huweza kuteleza, na mtu mwenye akili haingii chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Bomba lilifungwa kwenye chuma cha injini kwa bolti tatu, nazo zote zilikuwa nyekundu kwa kutu. Akatia spana katika bolti ya kwanza, akavuta, haikusogea. Akavuta tena kwa nguvu zake zote, haikusogea. Ndipo akatwaa kipande cha bomba la maji, akakivika mpini wa spana ili uwe mrefu. Spana ilikuwa na urefu wa sentimita 20. Pamoja na bomba ikawa sentimita 60. Kwa hiyo nguvu ya kuizungusha bolti iliongezeka mara tatu, ingawa mkono uliovuta ulikuwa ule ule. Akavuta. Mara bolti ikazunguka kwa wepesi, naye akafurahi akidhani ya kuwa imelegea. Kumbe kichwa kimekatika, na shina limebaki ndani ya chuma! Kazi hiyo ya kuharibu haikuchukua hata nusu dakika.

Alipokuwa akiweka spana katika bolti ya pili, mjomba wake, fundi mzee wa motokaa, akaingia uani.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umezitia mafuta bolti hizo?"

"Sikuzitia, Mjomba. Nina haraka, gari halifai kuwapakia watoto."

"Basi weka chini hilo bomba la maji. Kiko chombo kimoja unachokihitaji, nawe hukukitwaa."

"Chombo gani, Mjomba?"

"Usiku wa leo," akajibu mzee.

Ili kuyafahamu maneno ya mzee huyo, yafaa kujua kwanza bolti ni nini na kutu ni nini. Shina la bolti limechongwa mfereji uzungukao toka ncha mpaka juu; mfereji huo huitwa hesi. Mtu akiufuata kwa ncha ya sindano ataona ya kuwa ni mteremko uliozungushwa, kama njia ipandayo mlima kwa kuuzunguka. Bolti ikikazwa, mteremko huo hulivuta shina, nalo hunyooka kidogo sana kama kamba iliyovutwa. Mvuto huo ndio ushikao vyuma viwili pamoja.

Kutu nayo si uchafu uliotoka nje ukajipaka juu ya chuma. Ni chuma chenyewe kilichobadilika kwa kuungana na hewa ya oksijeni na maji. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Ndani ya hesi hamna nafasi ya kutosha, kwa hiyo kutu hujisukuma pande zote na kubana kama kabari. Chumvi huharakisha kazi hiyo, na ndiyo sababu motokaa za pwani huliwa upesi kuliko zile za nchi kavu. Bomba la moshi huteseka zaidi, kwa kuwa kila siku hupata moto, kisha likapoa na kupata unyevu.

Basi mtu atumiaye nguvu tu hapigani na kutu. Apigana na bolti yenyewe. Kutu ikishika kwa nguvu kuliko shina, litakalokatika ni shina.

Njia ya fundi ni nyingine. Kwanza, huhakikisha upande wa kufungulia. Bolti na nati nyingi hufunguliwa kinyume cha mwendo wa mikono ya saa, lakini ziko chache zilizo kinyume chake, kama vile nati za magurudumu ya kushoto katika malori kadhaa ya zamani. Asiyejua hayo huweza kuikaza nati huku akidhani ya kuwa aifungua.

Pili, huondoa kutu ya nje kwa brashi ya waya, ili mafuta yapate njia, na spana ipate kukaa sawasawa. Spana nzuri ni ile ishikayo pande zote sita za kichwa. Spana iliyolegea huzila pembe za kichwa mpaka kikawa mviringo, kisha hakuna tena pa kushika.

Tatu, hutia mafuta mepesi yapenyayo. Mafuta mazito ya injini hayafai sana, kwa kuwa hayaingii upesi. Mafuta mepesi hujipenyeza katika nafasi nyembamba, kama vile mafuta ya taa yapandavyo katika utambi. Lakini mwendo wake ni wa pole, nao hauwezi kuharakishwa kwa hasira. Hutiwa, huachwa, hutiwa tena, na yafaa yalale usiku kucha.

Nne, hugonga kichwa cha bolti kwa nyundo, mapigo mengi madogo, si pigo moja kubwa. Kila pigo huitikisa kutu na kuivunja, na mafuta huingia katika nyufa zake. Fundi huvaa miwani ya kukinga macho, maana vipande vya kutu huruka.

Tano, huizungusha bolti kidogo upande wa kukazia, kisha upande wa kufungulia. Ikisogea hata kwa upana wa unywele, haivuti moja kwa moja. Huirudisha, huongeza mafuta, huisogeza tena, mpaka itoke.

Ikiwa bado yakataa, iko dawa ya moto. Chuma kikipata moto hutanuka: fimbo ya chuma yenye urefu wa mita moja, ikiongezewa joto la digrii 100, hurefuka kwa milimita moja na zaidi kidogo. Urefu huo ni mdogo, lakini watosha kuuvunja mshiko wa kutu. Fundi hukipasha moto chuma kilichoizunguka bolti, ili tundu lipanuke. Lakini hafanyi hivyo karibu na petroli, wala karibu na mipira na mabomba ya breki, wala mahali penye mafuta aliyoyatia, asije akawasha gari zima. Kwanza huyafuta, na ndoo ya mchanga huiweka karibu.

Yule mtu akamtii mjomba wake. Bolti mbili zilizobaki akazisugua, akazitia mafuta mchana, akazitia tena jioni, akazigonga, akaenda kulala. Asubuhi bolti ya pili ikaanza kulia, kisha ikasogea, ikatoka nzima. Ya tatu ilikataa mpaka ilipopashwa moto. Nayo ikatoka nzima.

Ikabaki ile ya kwanza. Hiyo haikuwa na kichwa cha kushika. Mzee akaitia alama katikati, akaanza kuitoboa kwa keekee, kwanza kwa ncha nyembamba, kisha kwa nene zaidi, akijihadhari sana asiguse hesi za tundu. Maana hizo zikiharibika, chuma chote cha bomba kingebidi kubadilishwa. Jua lilikuwa lakaribia kuchwa alipotoa kipande cha mwisho. Hivyo bolti mbili zilitaka usiku mmoja wa kungoja, nao ulipita wenyewe hali mwenye gari amelala. Bolti moja ilitaka kutwa nzima ya jasho.

Siku ya pili yake bomba jipya likafungwa. Mzee akampa mpwa wake bolti mpya tatu na kopo dogo la grisi isiyoharibiwa na moto, akamwagiza azipake hesi kabla ya kuzitia. "Leo wewe ndiwe unayezifunga," akasema, "lakini mpakie grisi yule atakayekuja kuzifungua."

Watoto wakapanda gari kwenda Muheza, wala hakuna aliyelalamika kichwa. Subira yavuta heri.

MASWALI

1. Kwa nini bomba la moshi lililotoboka ni hatari kwa watu walio ndani ya gari?
2. Spana ya sentimita 25 ikivikwa bomba hata iwe na urefu wa mita moja, nguvu ya kuzungusha itaongezeka mara ngapi? Hatari yake ni nini?
3. Kutu hubanaje ndani ya hesi?
4. Taja kwa utaratibu mambo matano ayafanyayo fundi kabla ya kutumia moto.
5. Mzee alisema kwamba usiku ni chombo. Eleza maana yake.