Akikudhalilisha, Usiishie "Maneno Mabaya"

Mdogo wangu wa Mwanjelwa, barua yako imeniuma. Unasema bosi wako pale duka la vitenge "anakuambia maneno mabaya" kila mkibaki wawili, na ukinuna anacheka: "Si utani tu jamani!" Unaniuliza uvumilie au uache kazi.

Kabla sijajibu, nikuulize: maneno gani? Najua kwa nini hukuyaandika. Binti aliyelelewa vizuri huku kwetu hayatamki. Lakini hapo ndipo unapokwama, na hauko peke yako. Wengi wanaoniandikia kutoka Mbeya na Iringa wanaishia kwenye "mambo ya aibu", "tabia chafu", "ameniongelea vibaya". Nikimaliza kusoma, bado sijui mtu kafanyiwa nini.

Lugha ya kihuni ya vijana wa bodaboda, wakiongea wao kwa wao, inakera masikio lakini haikulengi wewe. Pita. Ukiitwa mpumbavu mkigombea chenji, huko ni kukosa adabu. Kunauma, na kunasameheka. Matusi ya nguoni ni mengine. Yule anayetaja maungo ya siri ya mama yako, hata kama amelewa, anajua amevuka mpaka.

Ya bosi wako huenda hayana tusi hata moja ndani yake. Mtu anaweza kukusifia umbo kwa sauti ya upole kabisa, huku amesimama mlangoni ili usipite. Ukisema "amenitukana", atakana, na kweli hajatukana. Sema alichofanya: amenidhalilisha kijinsia. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, ile wengi wanayoiita SOSPA, iliingiza kosa hilo kwenye Kanuni ya Adhabu, na linatendeka hata kwa maneno matupu, bila kuguswa. Kifungo chake kinafika miaka 5.

Na hilo la utani, wewe binti wa Iringa uliyeniandikia kuhusu mwenzako wa darasani nawe sikiliza. Utani wa kweli una wenyewe. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali kati ya 1878 na 1882, na leo ni watani. Mngoni akija msibani kwa Mhehe anaweza kumkejeli hata marehemu, na wafiwa wakacheka. Lakini naye anarudishiwa pale pale, mbele za watu, na hakuna anayeondoka na hofu. Mwajiri anayemfuata binti stoo wakiwa wawili tu, huku mshahara wa binti uko mfukoni mwake, anamtania nani?

Mliokulia Rungwe mnaijua adabu ya maneno kuliko mimi. Mke wa Kinyakyusa wa zamani hakulitamka jina la baba mkwe wake, wala neno linalofanana nalo. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi huko na mumewe Godfrey miaka ya 1930, aliandika katika kitabu chake cha 1951 jinsi wavulana walivyotoka kwa wazazi wakajenga kijiji cha rika lao, na sababu mojawapo ilikuwa stara: mambo ya chumbani ya wakubwa yasiwafikie. Humo kijijini, wao kwa wao, waliongea watakavyo. Mazungumzo hayo yalikuwa na mahali pake na watu wake, na mwiko uliwabana wazee na vijana. Adabu inayomziba mdomo binti huku ikimwacha bosi aseme atakalo, hiyo mimi siikubali.

Kwa hiyo tafuta daftari dogo. Andika tarehe, saa, aliyekuwepo, na maneno yote kama yalivyomtoka, hata kama mkono unatetemeka. Usiweke nukta nukta. Siku ukifika Dawati la Jinsia na Watoto, askari ataandika maelezo yako, na "maneno mabaya" hayampi mpelelezi pa kuanzia. Ulimi ukikataa, mpe ukurasa asome mwenyewe, na omba kuhudumiwa na askari wa kike. Ujumbe wa simu usifute. Akikutumia picha ya utupu, ibaki kwenye simu yako. Usiirushe kwenye grupu la WhatsApp kuomba ushauri, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kusambaza picha za ngono, na unaweza kugeuka mtuhumiwa wewe.

Lakini anza naye mwenyewe. Mchana, mlango wazi, dada wa duka la jirani akiwa karibu: "Bosi, jana uliniambia hivi na hivi. Sitaki uniambie tena." Yataje yale yale, neno kwa neno. Wanaume wa aina hii wanategemea kwamba hutathubutu.

Akiacha, baki kazini huku ukitafuta pengine. Asipoacha, nenda na daftari lako, na usiende peke yako. Yule shangazi wa Uyole uliyemtaja, msomee kurasa hizo leo jioni. Ukiamua kuondoka, dai kwanza mshahara wa siku ulizofanya kazi. Na wewe wa Iringa, peleka yako kwa mlezi wa wanafunzi kwa maandishi, ubaki na nakala.